Namba ya Huku

Dada yangu Verna Keeping alifika Fort McMurray, mji wa machimbo upande wa magharibi wa nchi, mwezi wa nne mwaka 2006, akiwa na miaka hamsini na moja, begi moja la nguo, na boksi la samaki wa chumvi lililofungwa kwa kamba ya nyavu. Pale uwanja wa ndege nililitambua boksi kabla sijamwona uso. Kiwanda cha samaki cha kwetu Rideout's Arm kilikuwa kimefungwa, baada ya yeye kusimama kwenye meza ya kukata minofu miaka ishirini na tisa. Mumewe, shemeji Cyril, alikataa katakata kuhama. Alisema nyumba aliijenga baba yake, boti ni yake, kuni za msimu mzima ziko bandani, na mtu mzima haendi kujifunza kuishi upya kwa watu. Basi wakakubaliana hivi: Verna aende mwaka mmoja, afanye kazi, arudi.

Mimi ni Glenys, mdogo wake. Mimi na mume wangu Leo tulikuwa tumehamia huku miaka minane kabla yake, kama walivyohamia nusu ya watu wa kisiwa chetu cha Newfoundland. Siku hizo ukisimama kwenye foleni ya kahawa hapa mjini ulisikia lafudhi ya Newfoundland zaidi kuliko unavyoisikia Newfoundland yenyewe. Tulimpa Verna chumba cha chini, kile kilichochimbwa ndani ya ardhi, chenye kidirisha kimoja kinachotazama magurudumu ya gari la jirani. Alikipenda. Alisema kina joto, na hakuna anayekohoa.

Kabla ya safari Cyril alikuwa amemnunulia simu ya mkononi, ya kwanza maishani mwake. Namba yake ilikuwa ya kwetu, inayoanza na saba sifuri tisa. Enzi zile namba ya simu ilikuwa na kwao, kama binadamu. Mtu wa hapa mjini akimpigia Verna alilipa kama anayepiga Newfoundland, na Verna akipokea naye alilipa, kwa sababu simu ilikuwa mbali na nyumbani. Simu moja, mifuko miwili inatoboka. Mimi nikiwa jikoni na yeye yuko chini ya miguu yangu, nikimpigia, mlio ulisafiri nchi nzima mpaka bahari ya Atlantiki ndipo urudi kumwita.

"We Glenys, usinipigie," aliniambia alipoona ankara ya kwanza. "Piga mguu sakafuni."

Wenzake wa hotelini, alikopata kazi ya kufua mashuka, walimtania kwamba Verna ni ghali kuliko mchumba. Walikuwa hawampigii. Wakibadilisha zamu yeye ndiye wa mwisho kujua, na mara mbili alikwenda kazini kwa miguu kwenye barafu kumbe siku ile hakupangwa.

"Badili namba, dada," nilimwambia. "Weka ya huku. Wote tumebadili."

"Nyie mmehama. Mimi niko mwaka mmoja tu."

Najua aliyekuwa akizungumza hapo ni Cyril. Yeye alimpigia kila siku akimaliza chakula chake cha jioni, na kwa upande wake ilikuwa sawa na kumpigia jirani, hailipiwi kitu. Alimweleza habari za paka, za upepo, za uzio wa majirani, kina Pardy, ulioanguka tena. Verna alisikiliza huku akitazama saa ukutani. Hakuwahi kumwambia kwamba uzio wa kina Pardy ulikuwa unamgharimu mshahara wa siku nzima.

Halafu siku moja mwezi wa tano, kwenye foleni ya kahawa, akasimama nyuma ya mwanamke mfupi, wa umri wake, mwenye koti la kung'aa na buti zenye tope mpaka magotini.

"Samahani mama," Verna akamuuliza, "wewe unafanya kazi gani?"

"Naendesha dampa machimboni."

"Yale malori makubwa ya kumwaga udongo?"

"Hakuna madogo, mpenzi."

Alirudi nyumbani hajavua hata koti. "Glenys, yule mwanamke ni mfupi kuliko mimi," akasema, kana kwamba hiyo ilimaliza mjadala wote. Na kwake ilimaliza. Wiki ile ile alichukua fomu kwa kampuni moja ya makandarasi, akafanya mtihani wa macho, wa kusoma, wa kubonyeza vitufe haraka taa ikiwaka. Kwenye ule wa mikono aliwashinda vijana. Miaka ishirini na tisa ya kisu na samaki anayepita kwenye mkanda si mchezo. Wakamwambia amefaulu, aende akasubiri simu.

Alisubiri. Simu alilala nayo, alikula nayo, hata bafuni aliiweka juu ya taulo. Wiki tatu zikapita. Kisha tukasikia kwamba Darlene Snook, binti aliyefanya naye mtihani na kufaulu kwa shida, ameshaanza mafunzo.

Leo akasema huenda ni umri. Nilimkanyaga mguu chini ya meza, lakini Verna alikuwa ameshasikia. Aliweka kijiko chini.

"Kama ni umri waniambie usoni," akasema. "Sijazeeka kwa siri."

Asubuhi iliyofuata nilimpeleka ofisini kwao. Alitupokea mwanamke mmoja aitwaye Loreen, mwenye miwani iliyoning'inia kwenye mnyororo, mtu asiye na ubaya. Alifungua jalada, akashusha kidole kwenye orodha, kikasimama.

"Verna Keeping. Hapatikani. Tulipiga mara tatu, mama."

"Simu ninayo mkononi saa ishirini na nne. Haikulia."

Loreen akaisoma namba kwa sauti, akafika saba sifuri tisa, akashusha pumzi. "Aa, ndiyo hii. Simu za ofisi hii hazitoki nje ya jimbo. Wamezifunga, watu walikuwa wanapiga kwao. Ukibonyeza namba ya mbali inakata yenyewe. Sisi tunaandika hapatikani, na ikifika mara tatu jina linashuka chini."

"Chini wapi?"

"Chini kabisa."

"Lakini mimi nakaa hapa! Naweza kuja kwa miguu!"

"Naamini, mama. Ila huwa hatuiti watu kwa miguu." Aliona uso wa Verna, akashusha sauti. "Sikiliza. Jumatatu tunaita kundi la mwisho la majira haya. Niletee namba ya huku kabla ya Ijumaa jioni, jina lako nitalipandisha mimi mwenyewe. Baada ya hapo ni mwakani."

Hiyo ilikuwa Jumatano. Tulipofika nyumbani aliniomba simu ya mezani, akampigia Cyril yeye kwanza, kitu ambacho hakuwahi kufanya. Mimi nilikuwa namenya viazi. Sauti ya shemeji yangu haihitaji spika, nilisikia kila kitu.

"Cyril, nabadili namba. Nachukua ya huku."

"Ya huku wapi?"

"Hapa. Fort McMurray. Kuna kazi, hawawezi kunipigia kwa namba ya nyumbani."

"Kazi si unayo?"

"Nafua mashuka, Cyril. Hii ni ya kuendesha dampa."

Alicheka. Hakucheka kwa ubaya, alicheka kama mtu aliyeambiwa paka amejifunza kuogelea. Lakini Verna hakucheka naye, na kicheko kikakatika.

"Wewe ulisema mwaka mmoja."

"Nilisema."

"Mtu wa mwaka mmoja habadili namba. Glenys alibadili, amerudi? Mumewe Leo amerudi? Ukitoa saba sifuri tisa, Verna, umejitoa na wewe. Mimi nikitaka kumpigia mke wangu nilipie kama napiga kwa mgeni?"

"Mimi nimelipa tangu mwezi wa nne."

"Umelipa nini?"

"Kila ulichoniambia. Paka, upepo, uzio. Kila dakika uliyoongea nimeilipia mimi, na sikukwambia kwa sababu nilipenda kukusikia."

Nadhani hilo lilimchoma. Mwanamume mwenye aibu hupandisha sauti. "Basi badili!" akasema. "Badili, na mimi hiyo namba yako ya huko siipigi. Ukitaka kuniona unajua nyumba iko wapi."

Verna aliweka simu chini taratibu. Alikuja kwenye sinki, akachukua kisu kingine, tukamenya viazi vilivyobaki, vingi kuliko tulivyohitaji.

"Unalia?" nikamuuliza.

"Sina nafasi ya kulia. Duka linafungwa saa ngapi?"

Tulikwenda kesho yake, Alhamisi. Kijana wa dukani alimweleza kwamba namba haihamishwi kutoka jimbo hadi jimbo. Ya zamani inafutwa, anapewa mpya, na kuna ada. Akamuuliza kama ana uhakika, kwa sababu ikishafutwa hairudi. Verna alimwambia aendelee. Kijana akabonyeza, akangoja, akabonyeza tena. Nilimwona dada yangu ameshika ukingo wa kaunta kama anavyoshika ukingo wa boti bahari ikichafuka. Kisha kijana akaandika kwenye kikaratasi: saba nane sifuri, na zile nyingine saba. Verna hakutoka hata nje. Palepale kaunta alimpigia Loreen, akamsomea namba mara mbili, akamwambia airudie.

"Sasa nipigie," Verna akamwambia. "Nione."

Ikalia. Aliitazama ikilia mpaka kijana wa dukani akamwambia, "Mama, pokea."

Usiku ule alimwandikia Cyril barua fupi. Namba yangu mpya ni hii, aliandika, mimi ni yule yule.

Jumatatu walimwita. Mafunzo yalikuwa wiki nane. Dampa lile lina ngazi kama za nyumba ya ghorofa mbili, na gurudumu moja ni refu kuliko Leo akinyoosha mikono juu. Mwalimu wao alikuwa jamaa mmoja mwembamba kutoka Saskatchewan aliyeitwa Dwayne, aliyeamini kwamba kila mwanafunzi amezaliwa ili kumharibia siku. Siku ya kwanza alimtazama Verna kuanzia buti hadi kofia.

"Bibi, umewahi kuendesha kitu gani kikubwa?"

"Mume," Verna akajibu. "Miaka thelathini. Na hana breki."

Darasa zima liliangua kicheko, na hata Dwayne alilazimika kugeukia ubao. Lakini mzaha haurudishi gari nyuma. Kazi ngumu kuliko zote ilikuwa kurudi kinyumenyume mpaka chini ya mashine ya kuchotea, huna unachokiona ila vioo, na nyuma yako kuna shimo la kumeza kanisa. Verna alishindwa mara ya kwanza, ya pili, ya tano. Wiki ya nne Dwayne alimwambia waziwazi kwamba wengine huwa wanarudi kwenye kazi zao za zamani na si aibu.

"Kazi yangu ya zamani imefungwa," Verna akamwambia. "Nipe vioo nijaribu tena."

Nyumbani alipanga viti vya jikoni kama mashimo, akatembea kinyumenyume katikati yao na vioo viwili vya kujipodolea mikononi. Leo alikunja kiuno kwa kucheka. Verna hakujali. Wiki ya saba alirudisha dampa mara kumi mfululizo bila kosa, na Dwayne akasaini karatasi yake bila neno, jambo ambalo kwa Dwayne lilikuwa hotuba.

Cyril hakupiga. Verna alimpigia kila Jumapili kwa simu yetu ya mezani, baada ya nyama ya chumvi na kabichi. Shemeji alipokea, akasema "Hapa nyumbani," akisikia ni Verna akajibu kwa maneno yale yale: "Rudisha namba yako ndiyo tutaongea." Kisha mlio wa simu iliyokatwa, tii. Jumapili baada ya Jumapili. Mke wa Pardy alitupa habari kwamba ni mzima, amepungua kidogo, anaweka nyavu. Nilimwuliza Verna kwa nini asiache kumpigia.

"Mimi sikugombana naye," alinijibu. "Kugombana anagombana peke yake. Siku akichoka anikute pale pale."

Lakini nilimwona namna alivyokuwa akiosha vyombo baada ya hapo. Sahani moja dakika kumi. Mwezi wa tisa aliniuliza kama nadhani alifanya vibaya. Nikamwambia sijui. Akafikiri kidogo, akasema, "Ningefanya tena," akafungua maji.

Yaliyotokea upande wa pili aliyetusimulia ni Cyril mwenyewe, miaka baadaye, akiona haya na kucheka kwa pamoja. Kumbe kila jioni akimaliza chakula alikuwa akipiga ile namba ya zamani. Alijua imefutwa. Alikuwa akisikiliza ile sauti ya mashine inayosema namba hii haitumiki, kisha anakata. Alijiambia siku moja mke wake atairudisha, na siku hiyo italia. Akafanya hivyo mwezi wa saba, wa nane, wa tisa. Jioni moja mwezi wa kumi ikalia.

Ikapokelewa, na sauti ya mwanamke ikasema halo.

"Verna!" Cyril akasema. "Nilijua. Nilijua akili itakurudia."

"Verna ndiye nani?" sauti ikauliza. Ilikuwa ya bikizee.

"Wewe nani? Umefanya nini na simu ya mke wangu?"

"Mimi ni Philomena Hynes wa Gander, na simu hii wanangu wamenipa juzi kwa siku yangu ya kuzaliwa ya themanini na mbili. Na wewe ni mtu wa kwanza kunipigia, na unanipigia kelele."

Kumbe namba ilikuwa imepewa mtu mwingine. Cyril aliomba radhi. Angekata, lakini yule mama hakuwa na haraka, simu ilikuwa mpya na alitaka kuitumia. Alimuuliza mkewe amepotea au vipi. Cyril, ambaye hajawahi kumweleza mtu siri yake tangu ubatizo, alijikuta anamweleza mgeni yote: kiwanda, dampa, mwaka mmoja, namba.

"Amekuficha hiyo namba mpya?" Philomena akauliza.

"Hapana. Aliniandikia. Iko hapa ukutani."

"Iko ukutani."

"Ndiyo."

"Unaiona sasa hivi?"

"Naiona."

"Basi hii yangu unaipiga ya nini, mjinga wewe?" Na akaendelea, bila hasira: "Mume wangu alikwenda kukata miti Labrador miaka sita. Simu hazikuwepo. Ningetoa boti yetu nzima nimsikie dakika moja. Kata simu, mwanangu, na usinipigie tena, ila kunieleza ilikuwaje."

Cyril akakata. Alisema alikaa pale kwenye kiti mpaka moto ukafa jikoni. Akaamka akawasha moto. Halafu akapiga.

Huku kwetu, ambako saa ziko nyuma ya kwao, ilikuwa saa kumi alasiri, Verna ameketi ngazini akifunga buti aende zamu. Simu ikalia mkononi mwake. Aliona saba sifuri tisa za kwetu na zile tarakimu za nyumba yake. Alitazama juu, akaniona, akapokea.

"Keeping," akasema, kama walivyozoea kupokea machimboni.

"Keeping hapa pia," Cyril akasema.

Verna akaifungua kamba ya buti, akaifunga tena. Nilitaka kumpokonya simu niseme kitu mwenyewe, maana ile dakika sasa ilikuwa inamlia shemeji yangu pesa.

"Umekula?" Verna akauliza.

"Nimekula. Verna, nilifanya upumbavu."

"Ulifanya."

"Ningetaka uniambie hapana, hukufanya."

"Siwezi. Nina zamu, sina muda wa kudanganya."

Nikamsikia akicheka kule, kicheko kile cha zamani. Akamuuliza hilo dampa likoje. Verna alimweleza kuhusu ngazi, vioo, na namna ardhi inavyotetemeka wakishusha mzigo wa kwanza. Alichelewa basi la zamu, ikabidi Leo ampeleke. Kabla ya kukata alimwambia bila kuzunguka: "Cyril, mwaka ukiisha sirudi. Nataka ulisikie kwangu. Sikukimbii wewe. Kazi hii naiweza, na ninaipenda."

"Nimesikia," akasema. Hakusema amekubali. Verna hakumlazimisha.

Cyril alikuja mwezi wa kwanza, nyavu zikiwa zimeanikwa na hana kisingizio. Baridi ilikuwa nyuzi thelathini na sita chini ya sifuri. Verna alikwenda kumpokea uwanja wa ndege moja kwa moja kutoka zamu, na koti la kung'aa na buti, nami nikaandamana naye. Cyril alitoka na suti yake ya kanisani, amebeba boksi. Alimtazama mkewe muda mrefu. Watu walitupita na mizigo yao. Akagusa ukanda wa kung'aa mkononi mwa koti, akasema, "Unaonekana kama mnara wa taa." Verna alimkumbatia mpaka boksi likaanguka.

Nje, kwenye maegesho, Cyril alizunguka mpaka mlango wa dereva wa gari la Verna na kunyoosha mkono apewe ufunguo, kama alivyofanya tangu siku ya harusi yao. Verna alifungua mlango ule ule, akapanda, akakaa. Akashusha kioo.

"Wewe ni upande ule, Cyril."

Shemeji yangu alisimama kidogo kwenye ile baridi, pumzi ikimtoka kama moshi wa bomba. Kisha akazunguka mbele ya gari, taratibu kwa sababu ya barafu, akafungua mlango wa abiria, akaingia, na kuanza kutafuta mkanda.